Kipande Kizima cha Mama Anayenyonyesha

Mama alipoanza kukohoa tulidhani ni vumbi la pamba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, tukiishi kijiji kimoja cha upande wa Kagongwa, na mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakiwa bado hayajabeba. Baba aliondoka mapema kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, kama walivyofanya wanaume wengi shamba lilipowakataa. Nyumbani tulibaki mimi, mama, bibi mzaa baba, na mdogo wangu wa kiume ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukaa bila kushikwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nikisoma darasa la saba.

Kikohozi hakikuisha. Asubuhi moja mama alitema damu kwenye majivu ya jikoni akaifukia upesi kwa mguu, lakini nilikuwa nimekwisha kuiona. Mjomba akaja akampeleka Isaka, wakapanda treni mpaka Shinyanga, na kutoka huko wakafika hospitali ya Kolandoto. Mjomba alirudi peke yake. Alimwambia bibi kwa sauti ya chini kwamba ni kifua kikuu, kwamba mama angekaa huko miezi mingi akichomwa sindano, na kwamba mtoto asipelekwe kumwona.

Mjomba alipoondoka, bibi aliniita ndani akafunga mlango.

"Mtu akikuuliza, mama yako anaumwa tumbo," alisema. "Tumbo tu. Wakijua ni kifua, hakuna atakayechota maji kisima kimoja na sisi."

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Maneno yake yote nayakumbuka kwa Kisukuma, na hata leo ninapoyaandika huwa nasikia yanapoteza uzito.

Mwanzoni jirani yetu, ambaye pia alikuwa ndugu wa baba, alitupa maziwa ya ng'ombe wake kila asubuhi. Malisho yalipokauka, ng'ombe naye akakauka. Tukabaki na unga wa mahindi ya njano ya msaada, ule ambao watu waliuita yanga, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Karanga zilikuwapo kidogo ndani ya kibuyu, lakini zile zilikuwa mbegu na bibi alilala karibu nazo. Basi mtoto akawa anakunywa uji wa yanga mweupe, yaani usio na kitu ndani yake, asubuhi na jioni.

Akanenepa. Ndivyo tulivyoona. Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene mpaka vifundo vikapotea, na bibi alifurahi sana, akawa anambeba mpaka mlangoni ili wapita njia wamwone. Halafu nywele zake zikageuka rangi ya majani makavu. Ngozi ya mapaja ikaanza kubanduka. Aliacha kucheza na akaacha hata kulia, akawa anakaa popote ulipomweka akitazama chini kama mtu mzima mwenye mawazo.

Ni yule jirani aliyegundua. Alimshika mguu, akabonyeza kwa kidole gumba, na alipoondoa kidole shimo likabaki pale pale.

"Huyu hajanenepa," alisema. "Amejaa maji. Mpelekeni kliniki."

Bibi alikaa chini. Alikuwa amemwonyesha mtoto yule kwa kila mtu.

Kliniki ilikuwa kila Jumanne kwenye zahanati ya misheni, mwendo mrefu kutoka kwetu, na magoti ya bibi hayakuweza mwendo ule. Kwa hiyo nilikwenda mimi. Sare yangu ya shule ilikuwa moja tu na bibi hakutaka niichafue njiani na mtoto anayeharisha, akanifunga khanga za mama, moja kiunoni na nyingine ya kumbebea mtoto. Sikufikiria chochote. Nilifurahi hata, kwa sababu khanga zile zilikuwa bado zina harufu yake.

Nilikuta wanawake wamekaa chini kando ya ukuta, na mbele yao mizani inaning'inia kwenye boriti, na kaptula yake ya turubai ya kumtia mtoto. Nesi alikuwa mama wa makamo, mwenye lafudhi ya pwani na sauti iliyozoea kusikika mpaka mwisho wa foleni. Alimpima mdogo wangu, akambonyeza mguu kama alivyofanya jirani, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Huyu umemwachisha ziwa lini, mama?"

"Si wangu, nesi. Ni mdogo wangu."

Wanawake wawili nyuma yangu wakacheka. Nesi hakucheka.

"Kila msichana anayekuja hapa na mtoto, mtoto ni mdogo wake. Mama yenu yuko wapi?"

"Anaumwa."

"Nini?"

"Tumbo."

"Amelazwa wapi?"

Nikanyamaza. Nilijua nikitaja Kolandoto, swali la pili lingekuwa ni wodi gani. Nesi alingoja kidogo, akatikisa kichwa, na hasira yake ikapoa ikawa kitu kibaya zaidi. Akanihurumia.

"Haya, mama," alisema taratibu. "Wewe siyo wa kwanza. Kaa pale na wenzako."

Nikakaa na wenzangu. Mmoja wao alikuwa mama wa msichana tuliyekaa naye dawati moja shuleni. Vijiji vyetu vilikuwa vimekusanya watu kutoka huku na huko, na yeye hakuijua nyumba yetu, ila mimi alinijua, kwa kuwa aliwahi kuniona nikimsindikiza binti yake. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia huku akimtazama mtoto mgongoni mwangu, halafu khanga, halafu uso wangu.

Baada ya kupima, nesi alifungua boksi akatoa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya rangi ya fedha, kirefu, umbo la kipande cha mche wa sabuni. Wanawake walikiita hivyo hivyo, sabuni. Yeye alikiita biskuti ya protini, na kila Jumanne alirudia maelezo yale yale.

"Hii siyo peremende," alisema. "Humu mna maziwa ya unga, soya, mafuta na sukari, vimeshindiliwa pamoja. Uji wa mahindi matupu unamshibisha mtoto lakini haumjengi. Sasa sikilizeni, maana kila mtu ana kipimo chake. Mtoto mchanga hawezi kutafuna. Mpondee kwenye maji yaliyochemka, mpe kidogo kidogo, mara nyingi, tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Mtoto wa shule ni nusu, na anywe maji. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha, kizima. Mzee asiye na meno, robo, mlowekee kwenye chai."

"Na baba?" mwanamke mmoja akauliza.

"Baba ale ugali wake na maharage. Na nikisikia tena hivi vimeonekana kwenye kilabu cha pombe, nafunga boksi."

Ndiyo maana kina mama walipewa vya watoto kwenda navyo nyumbani, lakini vya kwao walikula pale pale mbele ya macho yake. Nilipofika kwenye foleni aliniwekea mkononi kipande kizima.

"Maziwa yako hayatoshi," alisema. "Kula hiki, yatakuja. Ujaribu kumrudisha kwenye ziwa."

Nilijaribu kusema tena. Nilifungua mdomo, nikaona nyuso zote zimenigeukia, na yule mama wa mwenzangu amesogea mbele apate kusikia. Halafu harufu ya maziwa na sukari ikanifikia puani. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana.

Nilikula kama mtu anayefukuzwa. Kitu kile kilikuwa kikavu, kinagandana na ufizi, na utamu wake ulinipanda mpaka machoni. Nililamba karatasi. Niliokota makombo yaliyoangukia kwenye khanga, moja moja. Nilipoinua uso, mama wa mwenzangu bado alikuwa ananitazama, na nilielewa kwamba sasa amepata jibu lake. Msichana ambaye mtoto si wake angekirudisha kile kipande.

Nilirudi kila Jumanne. Ningefanyaje? Uvimbe wa mtoto ulianza kushuka, na uliposhuka ndipo tukaona kilichokuwa chini yake. Alibaki mbavu na kichwa. Bibi alipiga yowe alipomwogesha. Nesi alisema ndivyo inavyotakiwa, maji lazima yatoke kwanza kabla nyama haijaja, lakini hakuna aliyewaeleza wanawake wa kwenye foleni. Wao waliona mtoto anazidi kukonda, na mimi, ambaye mwili wangu ulikuwa kwenye umri wa kurefuka na ulikuwa haujapata kitu kama kile tangu mavuno yaliyopita, naanza kujaa. Mashavu yangu yaling'aa. Sare ilinibana mabegani. Niliposimama kwenye mstari wa asubuhi, mimi ndiye niliyekuwa mnene.

"Anakula cha mtoto," nilimsikia mmoja akisema, wala hakushusha sauti.

Nyumbani nako kulikuwa na aibu ya aina nyingine. Wiki moja nilimega kipande kidogo bila nesi kuona, nikakificha kwenye pindo la khanga nikampelekea bibi. Nilikiloweka kwenye maji ya moto kikawa kama uji mzito. Bibi alionja kwa ncha ya ulimi, akamaliza kikombe na kukifuta kwa kidole. Hakuniomba tena hata mara moja. Ila Jumanne zilizofuata, niliporudi, nilimkuta amekaa mlangoni na kikombe chake kimeoshwa, amekiweka pembeni kana kwamba kimesahaulika pale. Alikuwa mtu aliyewalisha watu wengi maishani mwake. Nilikuwa naona haya kukitazama kile kikombe, naye aliona haya kunitazama mimi.

Mwalimu mkuu aliniita karibu na mwisho wa muhula. Alikuwa mtu wa kuja, asiyejua Kisukuma, mkali lakini si mwonevu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Mwaka huu wenzako wote wamekonda," alisema. "Wewe umenenepa. Na kila Jumanne huonekani shuleni. Nimeambiwa unakwenda kliniki na mtoto, na unapewa chakula cha wanaonyonyesha."

"Ni mdogo wangu, mwalimu. Nesi alidhani..."

"Nesi ana kazi yake miaka mingi. Anapewa mtu chakula kwa kudhani?"

Niliangalia sakafu. Alikuwa amekwisha kusikia mengine pia. Watu walisema mama yangu alijitia kuzaa ili kunifichia aibu, kisha akaona mambo yanajulikana akakimbia, akasingizia ugonjwa wa tumbo. Ndugu zetu wa kitongojini walijua ukweli, lakini ndugu ni ndugu, nani angewasadiki.

"Unajua sheria ya mwanafunzi aliyezaa," mwalimu alisema. "Nenda nyumbani. Usirudi mpaka uje na mzazi."

Baba alikuwa Geita na hatukujua shimo gani. Mama alikuwa Kolandoto. Nilimweleza bibi, na nilitegemea atalia au atanilaumu, lakini aliuliza tu shule inafunguliwa saa ngapi. Asubuhi alijifunga vitenge vyake vya kwendea kanisani, akambeba mtoto mgongoni mwenyewe, na jirani akampakia kwenye baiskeli. Mimi nilifuata kwa miguu nikishika nyuma ya kiti.

Ofisini alikuwapo mwalimu mkuu na mwalimu mmoja wa kike. Kulikuwa na mapumziko, na madirishani zilijaa nyuso. Mwalimu wa kike naye hakuwa wa kwetu. Ikabidi mimi, mtuhumiwa, niwe mkalimani.

"Mwangaluka," bibi akasalimia, na mwalimu akaitikia kama alivyoweza.

"Mwambie," bibi aliniambia, "mtoto huyu katoka tumboni mwa mke wa mwanangu. Nilimpokea kwa mikono hii na kitovu nilikikata mimi."

Nikasema hivyo kwa Kiswahili. Mwalimu akaniangalia kwa muda mrefu, bila shaka akijiuliza kama bibi amesema hivyo kweli au nimesema mimi.

"Muulize huyo mama yuko wapi. Ni tumbo gani lisilopona muda wote huu?"

Nikauliza. Bibi alimtazama mwalimu wa kike, akatazama dirishani, akaziona zile nyuso za watoto ambao mama zao ndio tuliokutana nao kisimani. Nilitaka aseme uongo mwingine. Nilikuwa tayari kuutafsiri vizuri.

"Mwambie anakohoa damu," alisema. "Mwambie yuko Kolandoto, wodi ya kifua. Kama hasadiki atume mtu akaulize."

Mdomo wangu haukufunguka. Mwalimu alingoja. Bibi alinigusa gotini kwa fimbo yake, si kwa nguvu.

"Sema, mwanangu."

Nikasema. Nilisema polepole, na neno kifua kikuu nilipolitaja mwalimu wa kike aliinua pembe ya kitambaa chake akafunika pua, na mwalimu mkuu akasogeza kiti nyuma, kidogo tu, kama mtu anayetafuta nafasi ya miguu. Madirishani nyuso zikatoweka zote pamoja. Nilizisikia zikikimbia uwanjani na habari ile.

"Pole sana," mwalimu mkuu alisema. "Mwambie bibi nimeelewa. Utarudi darasani kesho." Akasita. "Ukae karibu na dirisha, penye hewa."

Bibi aliniuliza amesema nini. Nilimwambia amesema nirudi. Sehemu ya dirisha sikuitafsiri, lakini alikiona kile kiti kilivyosogezwa, na hakuhitaji mkalimani.

Kesho yake nilikuwa na dawati langu peke yangu. Mwenzangu alikuwa amehamishwa na mama yake, yule yule. Waliozoea kuniita mama fulani kwa kejeli wakakoma, kwa sababu hakuna aliyenikaribia kiasi cha kuweza kunong'ona. Kisimani walitaka ndoo zetu zingoje nyuma ili wao wasichote baada yetu, kisha wakaacha kuja saa tunazokuja sisi. Yote aliyoyasema bibi siku ile ya mlango uliofungwa yalitimia, na hakunikumbusha hata mara moja. Nilifikiri wakati ule kwamba kama ningekuwa na nguvu ya kukirudisha kipande cha kwanza, mama angeendelea kuumwa tumbo.

Mtoto alipona. Nyama ilikuja kama nesi alivyosema, nywele nyeusi zikaota chini ya zile nyekundu, akaanza kutambaa akinifuata kila nilipokwenda. Na alipoanza kusema, neno lake la kwanza alinipa mimi. Nilimshika mashavu nikamwambia, "Dada. Sema dada." Alicheka akasema mama.

Mama alirudi baada ya mavuno. Mjomba alimshusha uani kwetu akiwa amenawiri, ngozi imetakata, mpaka nilimwonea haya kama mgeni. Alichuchumaa akanyoosha mikono. Mtoto alimtazama, akaangua kilio, akaja mbio kwa magoti kujificha kwenye sketi yangu, akiniita kwa lile neno. Hakuna aliyecheka. Mama alibaki amechuchumaa na mikono yake mbele.

Jumanne iliyofuata tulikwenda kliniki sote wawili. Foleni ilikuwa ile ile. Tulipofika mbele mama hakungoja kuulizwa. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani:

"Mimi ndiye niliyemzaa huyu. Nilikuwa nimelazwa Kolandoto, kifua. Nimepona, wameniruhusu."

Wanawake waliokuwa karibu wakasogea. Nesi hakusogea. Alimwangalia mama, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe ulisema kweli," aliniambia.

"Ndiyo, nesi."

Alifungua boksi akatoa kipande, akakivunja katikati juu ya goti lake. Nusu moja alinipa, nyingine akaifunga tena kwenye karatasi yake. "Nilikuwa nakuzidishia," alisema, akitazama mikono yake. "Wa umri wako ni nusu." Halafu akamgeukia mama. "Wewe bado una maziwa?"

"Yamekauka."

"Basi hiki si chako, mama. Ni cha wanaonyonyesha."

"Sawa," mama alisema.

Alisema sawa mbele ya wote, mikono mitupu. Nilimpa ile nusu. Aliisukuma nyuma kwangu.

"Kula. Umesikia, ni ya umri wako."

Nilikula akiwa amesimama ananitazama, na haikuwa na ladha yoyote.

Wakati wa kurudi mama alitaka kumbeba mwenyewe. Alimfunga mgongoni kwa khanga yake ile ile, lakini mtoto alijipinda, akanyoosha mikono kunitafuta, akalia mpaka akakwama pumzi. Tulikwenda hivyo kipande kirefu cha njia, watu wa mashambani wakisimama kututazama. Mwishowe mama alisimama.

"Tangulia," aliniambia, bila kunitazama. "Akikuona hanyamazi."

Nikatangulia. Mwanzoni nilitembea, kisha nikaongeza mwendo, na kila nilipopunguza nilimsikia bado analia nyuma yangu, nami nikaongeza tena, mpaka nikafika mahali ambapo sikusikia kitu isipokuwa miguu yangu mwenyewe. Sikujua kama amenyamaza au nimekwenda mbali mno.